Nyumba ya Mama Haijauzwa

Kigoma

Kwa kaka yangu Mwalimu Shomari, Visiga

Shikamoo, kaka. U hali gani, na Mama je, na magoti yake? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Athumani bado yuko karakana ya reli, anarudi mweusi kwa grisi hata mpwa wako Zuhura anamkimbia. Dagaa tumewala mpaka tumekuwa wenyeji.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili, unisamehe, nilicheka. Mwalimu mzima wa chuo cha Kurani, unayechapa watoto wa watu kwa kukosa herufi moja, umetia sahihi karatasi usiyoweza kuisoma. Mwenye duka anayetudai alikuwekea mbele herufi za Kizungu, nawe unazijua za Kiarabu tu, ukaona haya kusema, ukatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alikwambia anaifanya upya rehani ya marehemu Baba ili mpate muda zaidi wa kulipa. Kumbe ameandika kuwa umemuuzia nyumba, na sasa anataka Mama atoke kabla ya mfungo.

Lakini usikate tamaa. Jirani yetu Mzee Kassim, aliyekuwa karani wa baraza la hukumu miaka mingi, alikuja kunywa kahawa nikamsomea barua yako yote. Akauliza nyumba ni ya nani. Nikamwambia ni ya Baba, na urithi hatujagawana. Akauliza kama mimi nilitia sahihi. Nikasema sikuulizwa hata kwa salamu. Akaweka kikombe chini.

"Basi binti yangu, kaka yako ameuza kitu kisicho chake peke yake. Aende barazani upesi, wala asitie sahihi nyingine yoyote."

Kwa hiyo nenda Kisarawe kwa Liwali, mwenye kuhukumu barazani. Chukua karatasi ya kwanza ya rehani, aliyoiandika Baba kwa mkono wake. Mama anayo sandukuni. Fuatana na Mzee Pazi aliyeishuhudia. Mwombe Liwali amwamuru mwenye duka alete karatasi yake, isomwe kwa sauti mbele ya watu. Ukiulizwa, sema kweli kwamba hukuweza kuisoma. Najua hapo ndipo patakapokuchoma, maana wanafunzi wako watasikia. Vumilia, kaka. Deni usilikane, tutalilipa pamoja. Na Liwali asipotusikiliza, tuna haki ya kupeleka shauri juu kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya.

Ndani ya bahasha nimetia ushahidi wangu, ulioandikwa mbele ya kadhi wa hapa, kwamba mimi binti wa marehemu sikuuza wala sikukubali. Siku ya matanga uliniambia fungu la mwanamke ni dogo, nikiolewa mbali nitalisahau. Ni dogo kweli, nusu ya lako. Lakini lako umekwisha kulitilia sahihi, na hili dogo ndilo litakalomweka Mama ndani.

Nisalimie shangazi yetu wa Kibaha, na Mzee Pazi, rafiki wa Baba. Wifi yangu, mkeo, aliyekukataza kwenda dukani peke yako, mwambie nampa mkono. Mama mpe shikamoo zangu nyingi. Umeniandikia kuwa ameanza kufunga vyungu vyake. Mwambie avifungue, apike.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaidi