Saa Moja, Mioyo Miwili

Kaloleni,
Kisumu.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Ondiek,

Pokea salamu za nyumbani. Joto la huko Doha linakutendeaje? Umeacha ile tabia ya kunywa chai na mkate ukidai umekula? Mimi mzima, cherehani inalia kila siku, na huko kwetu Seme mvua imenyesha vizuri. Kabla sijaendelea: mama yako yu hai, na jana alimaliza samaki ngege mzima wa kukaanga. Sasa kaa chini nikueleze.

Unakumbuka presha ya mama yangu. Mwaka huu wahudumu wa hospitali ya Kombewa walimfunga mkononi kitu tunachokiita saa, ingawa hakisemi saa ngapi. Kazi yake ni kusikiliza moyo. Nyumbani kwake, kando ya redio, kuna kisanduku kinachopokea kila pigo na kupiga hesabu hapo hapo, hata mtandao ukipotea. Ukirudi, kisanduku hutuma habari Kombewa, na mashine nyingine ziko Kisumu zikilinganisha na mapigo yake ya awali. Mimi nilidhani ni mashine moja kubwa mahali fulani, kama bosi. Kumbe zimegawana kazi.

Jumanne asubuhi nilikuwa napima sare ya mtoto wa shule, nesi Masinde wa Kombewa akanipigia simu. Alisema moyo unaosikika kwenye saa si wa mama yangu. Ni wa mtu mwingine, na mtu huyo yuko hatarini, gari la hospitali limeshatoka. Kaka, sikujua kwamba moyo una mwendo wake, kama unavyomtambua mtu kwa hatua zake kabla hajabisha hodi.

Nikampigia mama. Alikuwa shambani akipalilia njugu, mzima kabisa. Nikamuuliza saa iko wapi. Akasema, "Nimepatia Lornah. Yeye ndiyo anasikia kizunguzungu na anaogopa hospitali. Kwani mimi nivae peke yangu?"

Mama yangu na mama yako ni wake wenza, Ondiek, waliogombania hata kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia akimbie kwa Lornah. Alimkuta mama yako sakafuni jikoni, hawezi kusema, na gari la hospitali likiingia langoni. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu tungempoteza. Nililia njia nzima hadi Kombewa. Mpaka leo, nikifika kwa mama, kile kisanduku chenye taa moja ya kijani naogopa hata kukipangusa vumbi.

Sasa mama yako anatumia dawa na amepewa saa yake. Masinde aliwaonya wasiazimane tena. Mama akamjibu, "Hiyo mashine imejua juzi. Mimi hiyo roho naijua tangu aolewe." Mama yako aligeukia ukuta, akajifunika uso kwa leso.

Wanangu Griffins na Bridget wanakusalimu. Jirani yetu Mzee Joram anauliza utakuja lini. Mpigie mama yako simu Jumapili, usikie sauti yake mwenyewe.

Mungu aulinde moyo wako huko mbali, ambako sisi hatuwezi kuusikia.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mercyline