Nani Anainyonya Betri ya Gari Langu?

Kwako mshauri wa magari na wenye magari,

Shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi basi marahaba. Naomba unisaidie upesi, Jumamosi iko mlangoni, na naomba usiikatekate barua yangu, maana shule niliishia darasa la nne, la tano nililiona kupitia dirisha, kwa hiyo nukta nitaziweka nikikumbuka.

Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha sabuni, nina gari la zamani, milango miwili, rangi ya krimu, nililinunua kabla sijaoa, ndiyo maana mke wangu huwaambia wageni kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa yuko nje kafunikwa turubai. Mke wangu ni mkunga. Miaka thelathini na saba anazalisha watu kwenye zahanati moja, na siku yake ya kwanza kazini nilimpeleka mimi na gari hilihili, likinguruma kama simba aliyeshiba. Jumamosi hii saa nne anaagwa rasmi, na sasa sikia utamu: juzi, akiwa anakunja nguo, kaniambia, "Baba watoto, Jumamosi nitakwenda na gari lako." Mshauri! Nilikaa kitako kwenye ndoo ya maji nikidhani ni kigoda!

Hujui uzito wa maneno hayo, ngoja nikueleze. Miaka mitatu hajalipanda, tangu lilipozima palepale getini pa zahanati, akashuka na sare yake nyeupe akasukuma, mimi nimekaa kwenye usukani napiga kelele, "Sukuma, mama! Jikaze, mama, sukuma!" na wajawazito foleni nzima wakaangua kicheko, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayowaambia wao. Tangu siku hiyo anakwenda kazini kwa miguu. Sasa amerudi mwenyewe, bila kubembelezwa, ila ameweka sharti: likizima tena, Jumapili linakuwa banda la kuku. Nilidhani anatania, mpaka nikauona waya wa banda uvunguni.

Shida ni betri. Hii ni ya pili mwaka huu. Ikiwa mpya inapiga kazi wiki mbili, halafu inaanza kukohoa, stata inazunguka kivivu, nyi, nyi, nyi, kisha tk, kimya. Na usiseme silitunzi! Kila asubuhi nikishakunywa chai nalifunua turubai, naliwasha, naliacha lingurume polepole saa nzima lijichaji, mimi nimekaa ndani na redio yake ileile ya zamani nasikiliza habari, vifo na matangazo ya mafuta ya nywele, taa nyekundu ya chaji inanikonyeza kwenye dashibodi kama mchumba mwenye aibu, nikikanyaga mafuta inazimika, nikiachia inarudi, nami huiachia irudi maana sipendi kuchoma petroli bure. Saa ikitimia nazima, nafunika. Na silipeleki popote, nalihurumia. Sasa niambie, gari linalochajiwa hivyo kila siku iendayo kwa Mungu linakosaje umeme?

Mwizi yupo, na ninamjua. Ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kinyozi, anakaa chumba cha uani. Umeme ukikatika mtaa mzima, mashine yake ya kunyolea inaendelea kulia zzzz. Anaupata wapi? Nikamwendea, mteja wake yuko kitini kanyolewa nusu kichwa, nikasema, "Shemeji, unaikamua betri yangu kama ng'ombe." Akasema, "Shemeji, mashine hii ina betri yake ndani, njoo uishike." Nikamwambia mimi sishiki ujanja wa watu. Nikalifunga boneti kwa mnyororo na kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni, nalala nao, naoga nao, siku ya tano betri imekufa tena! Mnyororo uko vilevile, kufuli haijaguswa! Huoni kwamba huyu mtu ni hatari?

Sasa shemeji haongei nami, chakula anakula chumbani kwake, mkunga ananitazama kama anatafuta mshipa wa kunidunga sindano, na mimi nywele zimefunika masikio maana kinyozi mwingine yuko mbali. Nisaidie, nimtege vipi huyu mtu? Na je, ninunue betri kubwa ya lori, aikamue mpaka achoke mwenyewe?

Ni mimi, mume wa wake wawili, mmoja wa bati.

MAJIBU

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimejishika kichwa. Mpe mkunga pongezi zangu. Na mwizi wako nimempata bila mtego. Kila asubuhi anakunywa chai, anafunua turubai, anakaa kwenye usukani na kufungua redio. Ni wewe.

Gari la umri huo lina dinamo, kile kimashine cha kuichaji betri, na dinamo ya zamani ni mvivu. Injini ikinguruma polepole haitoi umeme wa maana, mpaka izungushwe kwa kasi. Ile taa nyekundu uliyoiita mchumba ilikuwa inakupigia kelele, "Sichaji, mzee, sichaji!" Nawe ukaona unakonyezwa. Hesabu mwenyewe: unawasha, stata inameza fungu kubwa. Halafu saa nzima plagi zinakula, redio ya zamani inakula, na hakuna kinachorudi. Ukazima, ukafunika, kesho ukarudia. Hapo betri ya lori itafanya nini? Dinamo imeshindwa kuishibisha ndogo, wewe unataka kuiletea jitu.

Usiniamini kwa mdomo. Leo hii ipeleke betri kwa fundi ichajiwe taratibu siku nzima, na wakati iko huko sugua vichwa vya nyaya mpaka ving'ae, kisha bonyeza mkanda wa dinamo kwa kidole gumba. Ukibonyea zaidi ya upana wa kidole, ukazwe. Betri ikirudi, iache itulie usiku kucha, halafu ipime kwa testa ya kuazima. Itasoma volti kumi na mbili na nusu na ushee. Washa gari, liache lingurume kama ulivyozoea, upime tena: utaona namba imelala au inashuka. Sasa kanyaga mafuta, pima. Ikipanda kuelekea kumi na nne, dinamo yako ni nzima na mwenye kosa ni mguu wako. Isipopanda, muone fundi umeme kabla ya Ijumaa, usijitie ubingwa.

Bado kuna kipimo kimoja, na hiki usikifanye peke yako. Mwite shemeji asimame karibu. Gari likiwa limezimwa kabisa, redio imefungwa, milango imefungwa, chomoa waya mmoja wa betri, halafu weka taa ndogo ya kupimia kati ya waya ule na kichwa cha betri. Ikiwaka, kuna kitu ndani ya gari kinakula umeme kimyakimya, fundi akitafute. Isipowaka, hakuna mwizi, na uliyemsingizia anakutazama usoni. Hapo usikohoe wala usiulizie hali ya hewa. Sema, "Shemeji, nimekukosea." Ulimwaibisha mbele ya mteja wake, kwa hiyo nenda ukaseme hivyo hivyo kinyozini, watu wakiwepo. Halafu kaa kitini akunyoe. Huwezi kwenda kumuaga mkunga na kichwa hicho.

Na huyo mkunga, mzee wangu, umemwelewa vibaya. Hakulikataa gari miaka mitatu kwa sababu ya betri. Mwanamke na sare yake ya kazi umemshusha asukume, wewe umekaa, tena unamfanya kichekesho mbele ya watu wake! Mwambie kabla ya Jumamosi kwamba likizima, yeye atakaa kwenye usukani na wewe utasukuma. Mwambie ukiwa umesimama, sio ukiwa umekaa kwenye ndoo.

Kuanzia sasa acha hiyo saa ya redio. Ijumaa toka na gari barabarani, lipe mwendo wa kweli kwa nusu saa, taa nyekundu izimike na isirudi. Ukihurumia gari la dinamo kwa kulifungia uani unaliua. Jumamosi washa mapema, zima taa za mbele, nenda. Kwenye foleni gusa mafuta kidogo, usiliache lisinzie.

Najua pia unachopanga, maana nimeshawaona wengi wa aina yako. Unataka kufika, umshushe, halafu uliache lingurume nje sherehe nzima kwa hofu kwamba ukilizima halitawaka. Thubutu! Utakuwa umekaa ndani ya bati peke yako wakati mkeo anapigiwa makofi. Betri ikiwa imeshiba na dinamo imepata mwendo, huna cha kuogopa. Ukifika pale getini, zima injini, chomoa ufunguo, zunguka umfungulie mlango, mshike mkono mwingie pamoja.

Litawaka.