Michembe ya Mayu na Stata ya Wifi

Jumanne, tarehe 23 Desemba. Kihesa, Iringa.

Mvua imeanza tangu alfajiri na haina dalili ya kukata. Nguo za mapacha nimezitundika jikoni, zimeshika moshi, na mimi nina hasira. Ni saa tisa mchana, maharage yako motoni. Naandika kwa sababu nisipoandika nitamwambia mtu neno lisilorudi.

Hasira yenyewe ni ya stata.

Ndiyo, stata. Kile chakula kidogo cha kuanzia kabla ya chakula chenyewe. Wenye matatizo makubwa wanisamehe.

Mwaka huu zamu ya kulisha ukoo wa mume wangu siku ya Krismasi ni yetu. Miaka yote chakula kinatua mezani kwa mkupuo, wali, nguruwe, kuku, mboga, kila mtu anapakua, na sijawahi kusikia aliyelalamika kwamba ameanza vibaya. Lakini Jumamosi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja likizo kutoka Dar, na alikuja na utaratibu. Watu wakae, wapangiwe viti, waletewe stata, wakimaliza ndipo chakula kifuate. Nyama zote akazichukua yeye. Mimi nikapewa stata. "Kitu chepesi tu hicho, wifi, hakitakushinda."

Hakitakushinda! Jikoni kwangu!

Nikameza. Nikatafuta kwenye simu, nikaonyeshwa kamba wa baharini wamening'inizwa kwenye midomo ya glasi. Nikaenda Mlandege sokoni, nikazunguka kwenye nyanya, karoti na maparachichi kama mtu aliyepoteza ufunguo, nikarudi na vitunguu.

Jumapili, katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe, jibu likanijia. Michembe.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa mpaka vikauke kabisa. Ukiichemsha na kuimwagia karanga zilizotwangwa, inakuwa laini, tamu, nzito kidogo. Mama yangu, ambaye kwa Kisukuma chetu tunamwita Mayu, huianika kila kiangazi kule Usangu, alikohamia na marehemu baba na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Nilijua ana debe zima. Nikaona kabisa kisahani kidogo, vipande vinne au vitano, karanga juu. Kungekuwa na ubaya gani?

Na Mayu alikuwa anakuja. Miaka tisa nimeolewa, hii ingekuwa Krismasi yake ya kwanza kwangu. Ila kwetu mama mkwe haketi meza moja na mkwewe wa kiume. Ni heshima, si ugomvi. Angesalimia kwa mbali, kisha angekula chumba cha ndani na wajukuu zake, na angefurahi hivyo hivyo. Kwa hiyo nilitaka kitu cha mikono yake kitangulie mezani badala yake. Mume wangu na ndugu zake wakile kwanza, kabla ya nyama za wifi, wajue kwamba na mimi nina kwetu.

Nilitaka hicho tu.

Nikaandika kwenye grupu la familia: stata itakuwa michembe ya mama, na karanga. Hata dakika haikuisha, wifi akajibu: "Jamani wifi, tunakula Krismasi au tunakula njaa?" Vikaragosi vya kucheka vikafuatana. Mjomba akacheka. Shemeji zangu wawili wakacheka. Wifi akaongeza kwamba amekuja na pakiti nne za supu ya uyoga, ni kumimina kwenye maji ya moto tu.

Mume wangu akaweka dole gumba la kukubali.

Gumba! Mwanaume aliyekula michembe kwetu wakati anakuja kuposa, akaomba aongezwe, leo anaweka gumba kwenye supu ya pakiti. Nilipomuuliza akasema, "Mama Kulwa, ule ni utani tu." Utani naujua. Nimetaniwa Usukuma wangu tangu siku ya send-off na nimewarudishia kwa riba. Utani ni wa watu wawili wanaocheka. Mimi sikucheka.

Sasa niandike lile ambalo kwa siku mbili nalikwepa.

Jioni ile ile nilimpigia Mayu nikamwambia asije na michembe. Nikasema huku mambo yamebadilika, kuna utaratibu, ataelewa akifika. Nilitumia ile sauti yangu nzuri ya ofisini. Hakubisha. Akasema, "Sawa mwanangu," akauliza habari za mapacha, akaniaga.

Wifi alinicheka mimi. Mimi nikachukua kicheko kile kile nikakipeleka mpaka Usangu, kwa mtu ambaye hata kwenye grupu hayumo.

Leo asubuhi amepiga yeye. Haji.

Kasema mvua ni nyingi na kuna ndama mgonjwa. Nikambana. Akasema taratibu, "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Nitaingiaje kwa wakwe zangu nikiwa nimeshika mkoba tu? Nilichokuwa nacho umekikataa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwa Mayu, kumwambia asilete kitu kwa wakwe ni kumwambia asije. Hakuna mama wa kwetu anayebisha hodi kwa wakwe mikono mitupu. Nimelelewa nayo hiyo, naijua kama jina langu, na bado nilimwambia. Niliwaogopa watu wanaocheka kwenye simu kuliko nilivyomheshimu mama yangu.

Nilipokata simu nikaenda sebuleni. Wifi alikuwa ameketi anaandika majina kwenye vikaratasi vya kuweka mezani. Cha Mayu nikakiona. Amempangia kiti kinachotazamana na cha mume wangu, uso kwa uso. Nikakichukua nikakichana.

"We, vipi tena?" akasema.

"Mama yangu haji. Umemwita njaa."

"Mimi? Kwani mi nilijua ndiyo zawadi yake? Si ungesema, wifi!"

Na hilo ndilo linaloniuma, maana ana haki. Sikusema. Niliandika "michembe ya mama", wakacheka, nami nikaweka kikaragosi cha kucheka. Ndiyo, na mimi nilikiweka. Miaka tisa nacheka pale ninapotaka kulia, halafu nashangaa kwamba hakuna aliyejua.

Lakini sijampa haki yake yote. Nimemwambia kwamba chakula cha mtu hakihitaji barua ya utambulisho ndipo kisitukanwe. Nikamwambia michembe ndiyo iliyolipa ada yangu, kilo kwa kilo, mpaka nikapata kazi inayonipa hela ya kumnunulia yeye vocha za kunichekea. Akaanza kukusanya vile vikaratasi vyake. Sikumhurumia.

Mume wangu naye kanikuta chumbani nakunja kitenge naweka kwenye begi. Kaniuliza nakwenda wapi. Nikasema Igurusi, kule kule Usangu, kesho na basi la kwanza la kwenda Mbeya, nishuke barabarani, nichukue bodaboda mpaka kwa Mayu, na jioni nirudi naye na debe lake. Unajua alichouliza? Kauliza kesho nani atapika.

Nikamwambia dada yake ana pakiti nne.

Kwenye grupu nimeandika mara moja tu: stata ni michembe, asiyeitaka akae asubiri nyama. Hakuna aliyecheka mpaka sasa. Wala hakuna aliyejibu, na sijali. Karibu sijali.

Ninachokihofia ni kule. Anaweza kukataa. Mayu hapandishi sauti, ila akishasema haji, haji. Nitasimama mlangoni kwake na matope miguuni, nitamwomba radhi, na sijui atanitazama vipi.

Sijamwambia kwamba nakwenda. Nikimpigia atasema nisijisumbue, na mimi nitamtii kwa sababu kutii watu kwenye simu ndiyo kazi ninayoiweza.

Safari hii simpigii.