Usinunue Ile Programu Inayofuta Mikwaruzo

Mjukuu wangu,

Leo asubuhi, ulipotoka tu, mpiga picha wa hapo kona kaniambia usinunue ile programu ghali ya kurekebisha picha. Inafuta mikwaruzo yote, na wanunuzi wa sarafu za kale watadhani ni za bandia. Ya bei nafuu inatosha: unaongeza mwanga, unakata pembeni, basi.

Umenipa kazi, mwenzangu. Jana ulimwonyesha babu yako picha ya sarafu anayotaka kuiuza, uliyoijaribishia programu hiyo, inang'aa kama ya leo. Niliporudi kutoka hapo kona nilimkuta na jivu na ndimu, anataka kuisugua ifanane na picha. Nikamwambia, "Mzee, ukiisugua hainunuliki tena." Akanijibu, "Mbona wewe unasugua masufuria?" Hapo aliniweza.

~~Ndimu nimezificha kabatini.~~ Babu yako husoma kila karatasi. Ndimu ninazo mkobani.

Chai iko kwenye chupa. Ile picha ifute, upige nyingine inayoonyesha mikwaruzo, umweleze kuwa hiyo ndiyo thamani yake. Mimi naenda sokoni, ila sikuthubutu kutoka tena yeye akiwa macho. Sasa amelala kitini, sarafu ngumini, na kitambaa cha kusugulia nimekichomoa taratibu.

Bibi yako