Kipande cha Muwa Nilichompa Anitha

Alhamisi, Kasulu. Mvua ya asubuhi imekatika lakini ukungu bado umelala juu ya migomba, na mimi nimeshinda na kinyongo ambacho sijamwonyesha mtu.

Mjukuu wangu Anitha, wa miaka minne, amebadilika tangu Jumatatu. Mtoto aliyekuwa akimwamkia kila mpita njia sasa anatema mate, anapiga, anakojoa kitandani.

Jumatatu ndiyo siku aliyofika mama yake, Spesioza, binti yangu. Ni muuguzi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Aliniletea mtoto alipomwachisha ziwa, kama wengi wetu huku wanavyofanya. Mke wangu alikuwa ameshafariki, basi nikawa bibi na babu. Sasa Spesioza amepanga nyumba Kibondo mjini, na Jumapili anataka kuondoka naye.

Nimefundisha darasa la kwanza hadi nikastaafu. Wazazi wengi nimewaeleza: mtoto akigeuka ghafla, usikimbilie fimbo, tafuta kwanza kilichobadilika. Mtoto mdogo hana maneno ya kusema "naogopa kuhamishwa", kwa hiyo husema kwa meno na mate. Kaa naye karibu, usimtishe, usimcheke. Na usimtuze kwa kosa.

Yote hayo nayajua.

Jana mchana Spesioza alikuwa anamlisha ugali na maharage ya mawese. Anitha akaisukuma sahani, ikamwagikia gauni la mama yake. Akamtemea, kisha akanikimbilia mapajani. Nami nikamkatia kipande cha muwa.

"Baba, unampa muwa kwa kunitemea?"

"Mpe muda, mwanangu. Saikolojia ya mtoto wa umri huu..."

"Saikolojia! Tangu Jumatatu ni nisimsogelee, nimpe muda. Nikikaa mbali mpaka Jumapili, atanijulia wapi? Kwenye basi?"

Akaenda kufua. Mawese hayatoki kirahisi. Alisugua muda mrefu, kanipa mgongo.

Niandike ukweli. Anitha alipomtemea mama yake, nilifurahi.

Maelezo yangu yote marefu yalikuwa wivu niliouvisha miwani. Namwonea wivu binti niliyemzaa mwenyewe. Naonea wivu vidole vyake vinavyojua kusuka, na pua yake, ambayo Anitha anayo na mimi sina. Homa zote za usiku za Anitha nilizikesha mimi. Yeye amekuja na begi jipya la rangi ya waridi.

Lakini aliyekuwa akiumia kwa wivu huo ni mtoto. Nilimfundisha kwamba akimpiga mama, babu anafurahi.

Leo jioni Anitha alinijia na miguu myekundu kwa tope, nimwogeshe kwenye karai kama kila siku.

"Leo mama ndiye anakuogesha," nikasema.

"Sitaki! Namtaka babu!"

Akaning'ata mkono. Sikumpiga, wala sikumbembeleza kwa muwa. Nilirudia maneno yale yale, taratibu, mara tatu. Nikampa Spesioza sabuni, nikaingia ndani.

Kilio kilikuwa kikubwa. Kikapungua. Nikasikia maji yanarushwa, halafu sauti yake: "Tena, mama! Nimwagie tena!"

Nilikaa kitandani nimeshika mkono ulioumwa. Hakuna aliyeniita.

Kesho nitatoa sabuni tena, na Jumamosi pia. Leo angalau alinililia. Kesho akimfuata mama yake bila hata kugeuka, je, nitaweza kubaki ndani?