Nilimweka Ndani Mama Mkwe, Sasa Mlango Uko Wazi na Hatoki

Shangazi Zuleha, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakaa Bigwa hapahapa Morogoro, na naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana jambo lenyewe nikiwasimulia wenzangu kazini wanacheka, na nikimsimulia mume wangu ananiambia hayo ni mambo ya wanawake, yamalizeni wenyewe, halafu anachukua kofia yake anakwenda kuangalia mpira.

Mimi ni Mbena wa Njombe, nimeolewa na Mluguru wa Matombo, anaitwa Geofrey, ni bwana shamba, tuna watoto wawili, na mimi nafanya kazi maabara kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Corona ilipoanza kuua watu tulimteremsha kutoka mlimani mama mkwe wangu, mama Yuliana, kwa sababu kifua chake ni kibovu tangu zamani, moshi wa kuni miaka yote, nami kule kazini nilikuwa naona watu wazima wakiletwa wanatweta na wengine hawarudi nyumbani, Shangazi niliogopa, niliogopa mpaka nikawa siwezi kula, na kwa hofu ile nikamtengea mama chumba cha mwisho chenye dirisha la kuangalia barabarani, nikaiita familia nzima sebuleni nikawasomea masharti kama mwenyekiti wa mtaa, kwamba kuanzia leo mama anakaa mle, chakula analetewa, hatoki, na haingii mtu. Mama hakubisha. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ndiyo mnaniweka ndani?" Nikamjibu ndiyo mama, tunakuweka ndani kwa usalama wako. Akaitikia kwa kichwa, akajifunga khanga yake vizuri, akaingia.

Vipimo vya haraka vilipoanza kupatikana nikawa nanunua kwa hela yangu, na ndugu wakishuka na ndizi zao na mdalasini wa kumletea mama nawasimamisha nje chini ya mpapai, vaa barakoa, nawa kwenye ndoo ya koki, inua kichwa, kijiti puani, haya kaeni hapo tusubiri, na wengine walikuwa wazee kuliko hata mama mwenyewe, wengine walishuka na maji ya nyungu kwenye chupa wakiniambia sisi tumeshajifukiza mkwe, huoni tumepona, nami sikusikiliza mtu. Taratibu wakaacha kuja.

Sasa mwaka juzi kaka yake mkubwa mama akafariki kule Matombo, na wewe Shangazi unajua mjomba kwa Waluguru ni nani, hakuna jambo la ukoo linaloanza bila yeye. Wifi yangu Martina akaja na gari la kukodi kumchukua mama wakazike. Nikampima Martina kama ninavyowapima wote, mistari miwili ikatokea, na hakuwa hata anakohoa. Nikasema basi, hakuna anayekwenda. Martina akalia palepale chini ya mpapai, "Wifi, yaani kaka yake anazikwa, sisi tunaangalia mistari?" nami badala ya kumpa pole nikamwambia geuza na gari lako usije ukatuulia mama. Mama alikuwa dirishani anasikia yote. Alivuta pazia.

Baadaye kama unavyojua mambo yakalegea, harusi zikarudi, misa zikajaa, ile ndoo ya koki watoto wakaichukua kuchezea, mimi mwenyewe nikarudi kwenye vikoba na kucheza kwaito kwenye sherehe za watu, wala sikumbuki ni lini hasa niliacha masharti, siku moja tu niliona nimeacha mlango wa mama wazi. Na mama hakutoka. Anakwenda msalani na kuoga, ambako ni mlango wa pili tu ukumbini, anarudi chumbani kwake, basi. Mwanangu mkubwa alipopata kipaimara tulifunga turubai uani, tukapika pilau, ngoma ikapigwa, mama akampongeza mjukuu wake kupitia wavu wa dirisha.

Na wala hajanuna, hicho ndicho kinachonishangaza! Anacheka, anasali rozari yake, habari zote za Bigwa anazijua kabla yangu maana majirani wanajipanga pale dirishani kumpelekea umbea na kumwomba ushauri. Nikimuuliza mama, mbona hutoki? ananijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi mmeniweka ndani. Mtu amewekwa ndani, atazurura vipi?" Namwambia mama, mlango si uko wazi? Anasema, "Mlango nimeuona." Jumapili moja nilimshika mkono nikamvuta ili angalau akaote jua barazani, akashika mwimo wa mlango, akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Peke yako?" Nikamwachia. Nilikwenda jikoni nikalia.

Padri amekuja, rafiki yangu mmoja anasema huo ni msongo wa mawazo, jirani anasema kazeeka tu, na daktari amesema miguu yake haina ugonjwa ila inataka kutembea, na isipotembea itagoma kabisa, na kweli siku hizi akisimama anashika ukuta. Shangazi, naogopa atafia mle chumbani na mimi ndiye niliyemwingiza. Na upande mwingine bado naogopa kumtoa, kwa sababu ugonjwa haujakwisha duniani, mwezi uliopita tu tulipata wawili kazini wana corona, na kifua chake ni kilekile, kwa hiyo nikimtoa akaugua nimemuua na akibaki ndani nimemuua, na mama huyu nampenda, amenipokea kama mtoto wake wa kumzaa wakati wengine walisema Geofrey kaoa mbali. Nifanye nini?

Ni mimi,
Magreth, Bigwa.

SHANGAZI ZULEHA ANAJIBU

Marahaba, Magreth. Kunywa maji kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale mama mkwe wako anaposema mlango ameuona. Mara ya pili nilikukasirikia. Sasa hasira imepungua na nakujibu.

Nianze na haki yako, maana naona unajichapa hata pasipo na kosa. Kumlinda mama mwenye kifua kibovu wakati ule hukukosea. Kumpima Martina hukukosea. Mtu mwenye mistari miwili angekaa na mama yake garini, vioo vimefungwa, mpaka Matombo kwa ile barabara? Huenda leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa. Kipimo kilifanya kazi yake. Kilichoharibu ni mdomo wako. Mtu amefiwa na mjomba wake, wewe unamwambia ageuze gari! Ungeweza kukataa huku unalia naye, kila mmoja upande wake wa mpapai. Hapo, mwanangu, ulikosa utu, na unajua.

Sasa tuje kwa mama. Mama Yuliana hajarukwa na akili, hajazeeka kwa namna anayosema huyo jirani, na wala haogopi ugonjwa. Anasubiri kutolewa.

Mimi ni mtu wa Mlali, mtoto wa milima hiyohiyo. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anaitwa mwali. Zamani walikaa miezi, wengine zaidi, hawaonwi na watu. Yanayofundishwa humo siyaandiki gazetini, hata mhariri akinibembeleza. Lakini jambo moja halina siri, kila aliyepita anaweza kukuambia. Mwali hatoki mwenyewe. Akitoka mwenyewe ni aibu kwake na kwa waliomlea. Ndugu wanakuja, wanawake wa ukoo, wanampaka mafuta, wanamvika khanga mpya, wanambeba mabegani mchana kweupe, vigelegele mpaka mtaa wa pili, ili kila mtu aone kwamba fulani alikuwa ndani na leo katoka. Mimi siku yangu nilipoona jua baada ya muda ule nilipiga chafya mfululizo mpaka kungwi wangu akashindwa kuimba kwa kucheka. Nilikuwa na furaha, Magreth. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nafurahi.

Ndiyo maana alikuuliza, "Kwa hiyo ndiyo mnaniweka ndani?" Wewe ukajibu ndiyo, tena mbele ya familia nzima, na masharti ukasoma. Ulifanya shughuli kamili bila kujua! Na ulipomvuta mkono akakuuliza peke yako, hakuwa anakudharau. Alikuwa anauliza wenzako wako wapi.

Usinielewe vibaya. Bibi wa wajukuu haamini kwamba amerudi kuwa kigori, tofauti anaijua vizuri kuliko mimi na wewe. Nadhani ameona kwamba alifungiwa kwa mkutano na akafunguliwa kimyakimya, kama kuku aliyesahauliwa bandani. Katikati ya kufungiwa na kufunguliwa amefiwa na kaka yake na hakumzika, na hakuna aliyerudi kumwambia pole, mama, ilikuwa hivi na hivi, sasa yamekwisha. Mtu mzima, tena mkwe wako, hawezi kukudai pole. Atakaa akusubiri mpaka ujue mwenyewe.

Na si wewe tu. Wengi tulifunga kwa tangazo tukafungua kwa kujisahau. Mimi nina jirani hapa ambaye tuliacha kupeana mikono wakati ule na mpaka leo tunapungiana tu kwa mbali, hakuna anayejua nani aanze. Nikimaliza kukujibu nitakwenda kwake, maana naona aibu kukufundisha wewe huku mimi mwenyewe nimekaa.

Haya, sikiliza. Mama alivyowekwa ndani kwa shughuli, atolewe kwa shughuli.

Huyo Geofrey aache mpira. Ni kweli kumtoa mama ni kazi ya wanawake, lakini gari la kuwateremsha ndugu kutoka Matombo, chakula na doti ya khanga ni kazi yake. Mwambie Zuleha kasema, na akinuna aniandikie.

Wiki hizi kabla ya siku yenyewe, mtembeze mama ukumbini, asubuhi na jioni, kidogokidogo. Hapo si nje, hatakataa. Miguu ikitoka na uzima, siku itakuwa tamu.

Shughuli ifanyike uani, mchana, hewa inapita. Habari ipelekwe mlimani mapema na kwa heshima: mwenye mafua au kikohozi tunampenda, abaki nyumbani, fungu lake la pilau litamfikia. Anayetaka kupimwa, mpime, lakini mwingize barazani, mpe kiti, mpe chai, mweleze unamfanyia nini na kwa nini, na majibu mpe yeye mwenyewe sikioni. Wewe ujipime wa kwanza, wakuone. Suala la chanjo ya mama kaulize kwa daktari wake, usiniulize mimi wala majirani wa dirishani.

Unaniuliza akitoka akaugua? Siwezi kukuahidi kwamba hataugua, na atakayekuahidi anakudanganya. Utafanya tahadhari zenye maana, zile unazozijua kwa kazi yako, na yaliyobaki ni maisha yake. Ana haki ya kuyaishi akiwa anaota jua. Mtu hapewi uzima wa kuutazama kwenye wavu, Magreth, na wewe hukusomea maabara ili uwe askari magereza.

Siku hiyo utasimama mlangoni wewe mwenyewe, mbele ya watu walewale na wengine zaidi, useme kwa sauti: mama, mimi ndiye niliyekuweka ndani, niliogopa kukupoteza, na kaka yako alizikwa bila wewe kwa sababu yangu, nisamehe, leo tumekuja kukutoa. Kisha kaa kimya, wenye kazi wafanye kazi yao. Hawatambeba mabegani kwa umri ule, watamshika huku na huku, inatosha. Akishapata nguvu mpelekeni Matombo kwenye kaburi la kaka yake, na huko mwacheni alie anavyotaka bila mtu kumwangalia saa.

Najua unachokiogopa kuliko vyote si corona. Ni Martina. Bila Martina hakuna shughuli, kwa sababu yeye ndiye binti wa nyumba ile na wanawake wa kule wanamsikiliza yeye, si mkwe aliyetoka Njombe. Kwa hiyo weka gazeti chini sasa hivi umpigie simu. Usianze na habari za kifua wala vipimo. Sema, "Wifi, nilikukosea siku ya msiba, njoo unisaidie kumtoa mama." Akikata, piga tena. Akikata tena, panda pikipiki uende ukapige hodi kwake, na akikusimamisha nje kwanza, simama.