Barabara Uliyoichora kwa Mdomo

Ndeshi,

Najua ungeanza kwa kunicheka kwamba nimekaa miezi saba bila kukuandikia, na leo ninapoandika natumia karatasi za mtihani. Ni safi, zilibaki, mwalimu akaniambia nichukue. Nimekaa nyuma ya jikoni kwetu, kahawa imeanikwa mbele yangu, nami nimepewa kazi ya kufukuza kuku. Ukiona mstari umekwenda kombo, ujue ni kuku.

Nina habari kubwa. Mama yako amepata kiwanja. Unakumbuka alivyokuwa akisema amechoka kupanga chumba Ngarenaro, chumba kisicho na hata pa kuweka gunia la maharage bila kulala nalo? Sasa ana kiwanja chake, huku juu kwetu, pale mji unapoanza kupanda mlima, kwenye mtaa mpya uliopimwa na Serikali. Lakini nusura akikose, na wa kulaumiwa ni wewe. Na mimi.

Ramani ya mtaa huo ilibandikwa ukutani kwenye baraza wiki chache baada ya kukuzika. Watu wakaambiwa mwenye neno alilete kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo ujenzi utaanza. Mimi nilingoja watu waondoke, unanijua, kisha nikasimama mbele yake hadi miguu ikafa ganzi. Ndeshi, ilikuwa nzuri. Vibanda vidogo vya mraba, mahali pa soko, mahali pa bomba, hata miti imechorwa kama vifungo vya shati. Nikawaza kwamba mahali fulani yupo mtu ambaye hii ndiyo kazi yake. Anakaa mezani na kuamua mtoto ambaye hajazaliwa atapita wapi kwenda shule. Sijawahi kumwonea mtu wivu hivyo.

Halafu nikaona barabara kubwa ya katikati. Imeandikwa "Barabara ya Shule". Inateremka, inapinda kidogo pale penye ule mti wa mringaringa, inaendelea. Nikaifuata kwa kidole mara mbili. Haikuwa barabara. Ulikuwa mfereji wetu.

Nadhani sasa umekumbuka ile Jumanne. Maji hushushwa upande wetu Jumatatu na Alhamisi tu, siku nyingine ni zamu ya watu wa ng'ambo, na mfereji ukikauka sisi tuliugeuza njia, maana miguu yetu ilikuwa imeushindilia ukawa mzuri kuliko njia yenyewe. Wapima ardhi wakatukuta humo. Yule kijana wa Tanga aliyeshika daftari akauliza, "Mabinti, hii njia ni ya nani?" Wewe ukakunja uso kama karani wa mahakama, ukamjibu, "Hii ni barabara yetu ya shule, bwana. Hata gari linapita, kama ni dogo." Akaandika. Mimi nilicheka hadi nikaukumbatia mringaringa. Ningeweza kumwambia kwamba huu ni mfereji. Nilimwonea haya, na zaidi ya hapo, utani ulikuwa mtamu. Wiki tatu baadaye homa ikakuchukua kwa siku nne.

Utauliza wazee walikuwa wapi. Walikuwepo. Mzee Nderingo, yule anayegawa maji, alikwenda kuitazama ramani, akaona mstari umepita palepale mfereji unapopita, akadhani ndio mfereji wenyewe, akaridhika. Wenye viwanja walisomewa kwamba milango yao itatazama barabara, wakaridhika pia. Kila mtu aliona chake.

Na kiwanja cha mama yako kilikuwa cha kwanza, pale kwenye kona. Barabara ingesawazishwa, na Alhamisi ya kwanza maji yangemwingilia mlangoni. Wangeuziba mfereji kule juu, migomba yote ya chini ingekufa. Lakini ningesema, labda wangeufuta mtaa mzima na mama yako angebaki na gunia lake Ngarenaro. Tena ningelazimika kumweleza kwamba chanzo ni utani wako, wakati bado alikuwa akivaa nguo nyeusi. Siku tisa nilizunguka na jambo hilo. Kaka yangu akaniuliza kama nimemeza jiwe.

Siku ya kumi nikateremka Ngarenaro. Mama yako alikuwa akichambua maharage mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo, kwenu hawapiki?" Nikamweleza yote nikiwa nimetazama ungo. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya maharage. Mabega yakaanza kutikisika. Nilijua nimemliza. Kumbe alikuwa anacheka. "Huyu mtoto," akasema. "Tumeshamzika, bado ananiletea kesi." Kisha akalia kweli, nami nikalia, na jirani akachungulia akarudi ndani. Mwishowe akafunga gunia na kujifunga kitenge. "Vaa viatu twende." "Sina viatu, mama." "Basi twende hivyohivyo, unadhani watatungoja?"

Kwenye ofisi ya wapima ardhi tulimkuta yule kijana wa Tanga. Alinikumbuka. "Wewe ndiye uliyekuwa unacheka. Na mwenzako wa gari dogo yuko wapi?" Nikamwambia. Alivua kofia, akaishika muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia, kisha akaenda kumweleza Mzungu wa mipango ya mji. Mzungu hakukubali. Alisema alipita pale kwa miguu yake mwenyewe, ni pakavu kama sakafu. Hapo ndipo sauti ikanitoka, sijui kutoka wapi, "Mwambie aje Alhamisi." Nilikuwa sijawahi kumpa mtu mzima amri. Mama yako alinifinya mgongoni, nadhani kwa furaha, ingawa iliuma.

Akaja. Alisimama katikati ya mfereji, ramani ameikunjua, akimwonyesha kijana wake jinsi palivyo pakavu. Kule juu Mzee Nderingo alifungua maji saa yake ilipofika. Hakuna aliyemwambia angoje mtu, na hata angeambiwa asingengoja. Maji yalikuja yakisukuma majani makavu mbele yake, yakaingia kwenye viatu vya Mzungu, yakaloweka soksi hadi katikati. Hakuruka. Aliyatazama maji, akaitazama ramani, akayatazama tena maji. Kijana wa Tanga akatafsiri kwa heshima zote: "Bwana anauliza kama hali hii ni ya kila Alhamisi." Mama yako akajibu, "Na Jumatatu. Mwambie barabara yetu ina ratiba."

Kusema kweli nilimpenda yule Mzungu kwa alichofanya baadaye. Alikaa ukingoni, akavua viatu, akanipa penseli. "Anasema uonyeshe," nikaambiwa. Nikachora: mfereji ubaki ulipo, barabara isogee juu hatua tano, na kila mlango uwe na kidaraja chake cha mbao. Akanisahihisha, akasema barabara lazima ipitishe malori mawili yanayokutana, jambo ambalo sikulifikiria kwa sababu sijawahi kuona malori mawili huku kwetu kwa siku moja. Kwa hiyo kila kiwanja kilikatwa kidogo. Majirani wawili bado wamenuna na hawaniitikii salamu vizuri. Mama yako alisema basi atapanda vitunguu vichache kuliko alivyopanga.

Wakati wa kuondoka, kijana wa Tanga alibaki nyuma kidogo, akaniambia iko siku kazi hii itafanywa na watu wa hapahapa. "Na hao hawatauliza wasichana wanaocheka," akasema. Nimelifikiria sana neno lake, na nusu nimelikataa. Nadhani wapangaji wa miji ya kesho lazima wawaulize hata wasichana wanaocheka. Ila warudi siku ya pili, na ya tatu, waje mvua inaponyesha, waje siku ya soko, wakae na mama zetu wanaobeba ndizi waone wanapumzikia wapi. Mtu akipanga mji kwa siku moja, atapanga mji wa Jumanne tu. Niliyaandika haya kwenye insha. Mwalimu aliisifu, kisha akaniambia kwa upole kwamba wasichana husomea ualimu au uuguzi, shule ya kuchora majengo na miji haipo kwa ajili yetu. Nikasema ndiyo, mwalimu. Jioni nikachora soko lenye kivuli.

Nakuahidi kitu kimoja, na kwa mtu kama mimi si kidogo. Kila nitakapoona mstari uliokaa vibaya, nitasema siku hiyohiyo, kwa sauti, hata kama mbele yangu amesimama nani. Nitakuwa mwalimu ikibidi, lakini nitakuwa mwalimu mwenye penseli. Na shule hiyo ikifunguliwa, hata nikiwa na wajukuu, nitakwenda kugonga mlango.

Mama yako hakungoja shule. Nyumba yake nimeichora mimi: vyumba viwili, baraza, na jiko la nje. Fundi aliitazama karatasi akacheka, "Hii imechorwa na mtoto," kisha akauliza kwa nini jiko nimeliweka kona ile. Nikamwambia upepo wa mlimani hushuka upande huu jioni, moshi utakwenda zake bila kupita chumbani. Akainua uso kuelekea mlimani, akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni.

Nakuacha hapa, rafiki yangu. Pumzika, usituhangaikie. Kesho asubuhi wanachimba msingi. Mama yako ameshika kamba ya kupimia tangu jana, hataki fundi aiguse. Amesema ncha moja atashika yeye na ya pili nishike mimi, kwa sababu ndivyo ambavyo angefanya na wewe. Nitafika mapema, na nitaivuta hadi inyooke.

Wako,
Anaeli